Vanishi Isiyong'aa kwa Zana za Mwindaji

Wawindaji wa bata-mwitu katika Ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, hufanya kazi yao wakati jua likiwa chini. Sheria ya nchi hiyo kwa kawaida huruhusu kuwapiga ndege hao kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, na bata wenyewe hupenda kuruka asubuhi na jioni. Kwa ajili hiyo mwindaji hupaka mashua yake, bunduki yake na bata wake wa bandia rangi za mabaka: kahawia ya matete makavu, kijani kilichofifia, na rangi ya tope. Rangi hizo zikiwa mpya hazing'ai hata kidogo. Lakini baada ya majuma machache ya kushikwa, kulowa na kusuguana na mbao za mashua, huanza kukwaruzika na kubanduka. Hapo ndipo mwindaji anapojiuliza kama apake juu yake vanishi ya kuihifadhi, na kama akipaka, apake ipi.

Swali hili huonekana dogo, lakini ndani yake mna mgongano ambao mtaalamu wa rangi hawezi kuukwepa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika jimbo la Maryland, jirani yangu mmoja aliipaka bunduki yake vanishi ya samani, ile ya kung'arisha meza. Mabaka yake yalihifadhika vizuri mno. Tatizo ni kwamba wenzake walikataa kukaa naye katika kibanda kimoja cha maficho. Vanishi iliyolinda rangi ndiyo iliyoitangaza bunduki kwa kila bata aliyepita angani.

Msomaji wa hapa kwetu anaweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi, na uwindaji wenyewe huendeshwa kwa leseni. Hata hivyo, kanuni inayomponza mwindaji wa Chesapeake ndiyo ile ile inayomtesa mwanafunzi aliyeketi pembeni mwa darasa, asiweze kusoma ubaoni kwa sababu ubao unang'aa. Tutamrudia mwanafunzi huyo punde.

Nuru inaporudishwa

Kwanza hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani rangi na mng'ao. Rangi hutokana na nuru iliyoingia ndani ya tabaka la rangi, ikagonga chembe zake, sehemu yake ikamezwa na sehemu ikatoka tena ikitawanyika kila upande. Mng'ao hautokani na nuru hiyo. Hutokana na nuru ambayo haikuingia kamwe, bali ilirudishwa pale pale usoni kama inavyorudishwa na kioo. Kwa hiyo rangi nyeusi kabisa yaweza kung'aa kupita kiasi, na nyeupe ikawa haing'ai. Mwindaji anayedhani kwamba kahawia iliyokolea haitang'aa kwa kuwa imekolea, anajidanganya.

Nuru inapotoka hewani na kupiga wima juu ya vanishi, asilimia 4 tu ndiyo inayorudishwa usoni. Kiasi hicho ni kidogo, na msomaji aweza kushangaa kwamba kinaleta matata yoyote. Siri iko katika namna kinavyorudishwa. Nuru itokayo ndani ya rangi husambaa kila upande, hivyo kila jicho hupata sehemu ndogo tu. Ile asilimia 4, uso ukiwa laini kama kioo, haisambai. Huondoka kwa pamoja ikiwa bado ni taswira ya jua. Tukilinganisha taswira hiyo na uso wa rangi ya kahawia inayorudisha na kutawanya sehemu moja ya kumi ya nuru ya jua hilo hilo, hesabu inaonyesha kwamba taswira ya jua ni angavu kuliko rangi iliyo kando yake takriban mara 18,000. Hakuna ustadi wa mabaka utakaoficha kitu chenye doa la namna hiyo.

Ubapa ulio laini hupeleka mmweko wake upande mmoja tu, na kama bata hayuko upande huo, mwindaji amenusurika. Mtutu wa bunduki haumpi bahati hiyo. Kwa kuwa ni mviringo, daima una ukanda mwembamba ulioelekea jua, nao huusambaza mmweko kuuzunguka mtutu kwa umbo la pia. Hiyo ndiyo sababu mtutu huonekana kutoka mbali kuliko kitu kingine chochote mikononi mwa mwindaji.

Pembe nayo ina sehemu yake. Kiasi cha nuru kinachorudishwa huongezeka kadiri nuru inavyozidi kulala juu ya uso. Tukiipima pembe kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso huo, nuru ijayo kwa nyuzi 60 hurudishwa kiasi cha asilimia 9. Ikija kwa nyuzi 80, hurudishwa karibu asilimia 39. Sasa tukumbuke saa za mwindaji: alfajiri na machweo, jua likiwa limelala juu ya maji. Anafanya kazi yake katika saa mbaya kuliko zote kwa mng'ao.

Uso wenye mikwaruzo na vilima

Njia ya kuondoa mng'ao si kuizuia ile asilimia 4 isirudishwe, kwani hilo haliwezekani kwa vanishi ya kawaida, bali ni kuitawanya. Uso ukiwa na vilima na mabonde madogo, kila kilima huelekeza nuru upande wake, na taswira ya jua huvunjika vipande vipande visivyoonekana. Wanajeshi walilitambua hilo zamani. Kofia za chuma za Waingereza zilizotolewa kwa wingi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zilinyunyiziwa mchanga au vumbi la mbao juu ya rangi mbichi ili zisimeremete mahandakini. Kofia za Wamarekani za mwaka 1941 zilitiwa unga wa koki kwa shabaha hiyo hiyo.

Viwanda vya siku hizi hufanya jambo lile lile kwa chembe ndogo zaidi. Katika vanishi isiyong'aa hutiwa unga wa silika, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa mchanga mweupe, chembe zake zikiwa na upana wa kati ya maikromita 3 na 10 hivi. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita 70 kwa makadirio. Vanishi inapopakwa, uso wake huwa bado ni laini na unang'aa, kwa kuwa chembe zimezama ndani ya maji yake. Kiyeyushi kinapovukiza, tabaka husinyaa na kuzibana chembe, nazo huusukuma uso wa juu ukawa na vilima. Aliyewahi kupaka vanishi ya aina hii ameona jinsi mng'ao unavyokufa polepole mbele ya macho yake, kuanzia kingoni.

Lakini vilima vinahitaji urefu gani? Mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh aliacha kanuni inayotusaidia hapa. Kwa nuru ya kijani inayopiga wima, vilima vya nanomita 70 hivi vinatosha kuanza kuuharibu ulaini wa uso. Kwa nuru inayolala kwa nyuzi 80, uso ule ule huhesabiwa kuwa laini mpaka vilima vyake vifikie kiasi cha nanomita 400. Maana yake ni kwamba uso unaweza kuonekana umekufa kabisa ukiutazama kutoka juu, kisha ukameremeta ukiutazama kwa ubavu. Hapa ndipo tunapokutana na mwanafunzi wetu. Mwalimu anayesimama mbele ya ubao huuona mweusi na msafi. Mtoto aliyeketi karibu na ukuta, anayeutazama ubao kwa ubavu huku dirisha likiwa upande wa pili, huona ukanda mweupe badala ya maandishi. Aliyechagua rangi ya ubao huo aliipima akiwa amesimama mahali alipo mwalimu.

Wapimaji wa rangi wanalijua jambo hilo. Kipima mng'ao hurusha mwale wa nuru kwa pembe maalumu na kupima kiasi kinachorudi upande wa pili, kioo cheusi kilichosuguliwa kikihesabiwa kuwa 100. Pembe zinazotumika ni nyuzi 20 kwa nyuso zinazong'aa sana, 60 kwa nyuso za kawaida, na 85 kwa nyuso zisizong'aa. Karatasi ya maelezo ya vanishi aghalabu hutaja kipimo cha nyuzi 60 peke yake. Kwa mwindaji kipimo hicho hakitoshi. Anachotakiwa kuuliza ni kile cha nyuzi 85, kwa sababu ndicho kinachofanana na jua lake la alfajiri. Neno lililoandikwa kwenye bati kwamba vanishi haing'ai halina uzito mkubwa, maana kila kiwanda kina mpaka wake.

Asiye na kipimo atumie jicho. Apake vanishi kwenye kipande cha ubao, aiache ikauke kwa siku kadhaa, kisha akishike kipande hicho usawa wa jicho akielekea dirishani, na kukiinamisha polepole hadi kikaribie kulala sambamba na mtazamo wake. Ikiwa umbo la dirisha linaanza kujichora juu ya kipande hicho, vanishi hiyo haifai kwa mtutu, hata kama kutoka juu inaonekana kama vumbi.

Gharama ya kuua mng'ao

Kila kilima kinachoongezwa usoni huondoa kitu katika ulinzi. Uso laini hauna mahali pa uchafu kushika. Uso wenye vilima hushika tope, damu na mafuta ya mikono. Ukisuguliwa, vilele vyake ndivyo vinavyolika kwanza. Zaidi ya hayo, rangi za mabaka zenyewe, zile zisizong'aa, aghalabu huundwa kwa kuzijaza chembe nyingi za rangi kuliko gundi inayoweza kuzifunika zote. Hubaki matundu madogo ndani yake, na kwa matundu hayo maji hupenya hadi kwenye chuma. Ndiyo maana rangi hizo huhitaji ulinzi kuliko rangi za kawaida, na ndiyo maana pia huharibika kwa urahisi pale ulinzi huo unapokosewa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ile asilimia 4 iliyotawanywa haikupotea. Imesambazwa juu ya uso wote kama utaji mwembamba mweupe. Weusi huonekana kijivu, na kahawia iliyokolea hupauka. Mikono miwili ya vanishi isiyong'aa juu ya mabaka yaliyochorwa kwa uangalifu yaweza kupunguza tofauti kati ya baka na baka. Mimi sioni kwamba hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa magome ya miti na matete makavu nayo yana utaji wa namna hiyo, lakini mchoraji na apake mabaka yake yakiwa yamekolea kidogo kuliko anavyoyataka mwishoni.

Huulizwa pia kuhusu mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa macho ya wanyama si kama yetu. Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe ana aina mbili tu za seli za kuona rangi, moja ikipokea vizuri zaidi nuru ya karibu nanomita 450 na nyingine ya karibu 540. Ndiyo sababu mwindaji wa kulungu aweza kuvaa kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka ili asipigwe risasi na mwenzake, na kulungu asishtushwe na rangi hiyo. Bata, kama ndege wengi, wana aina nne za seli hizo na huona rangi kwa upana kutushinda sisi. Vanishi nyingi za nje hutiwa dawa inayomeza mionzi ya urujuanimno ili jua lisiiunguze rangi iliyo chini. Dawa hiyo haimdhuru mwindaji kwa lolote: majani nayo humeza sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Mng'ao ndio adui, nao huonekana kwa kila jicho, liwe na aina mbili za seli au nne.

Ipi ichaguliwe

Ushauri wangu wa kwanza utawakera wenye maduka: vitu vingi havihitaji vanishi yoyote. Bata wa bandia na mbavu za mashua hazishikwishikwi sana. Ni rahisi na salama zaidi kuvipaka upya rangi isiyong'aa kila mwanzo wa msimu kuliko kuvifunika kwa tabaka litakaloanza kumeremeta sehemu moja na kubanduka sehemu nyingine. Vanishi iwekwe pale mkono, shavu na mkanda vinapogusa: kitako cha bunduki, mshikio wa mbele, na mtutu.

Kwa sehemu hizo kuna koo kadhaa za vanishi. Laka ya nitroselulosi hukauka upesi na hurekebishika kwa urahisi, lakini hulainishwa na viyeyushi vinavyotumika kusafishia bunduki. Tena ikipulizwa siku yenye unyevunyevu mwingi hunasa mvuke na kuwa na ukungu mweupe. Vanishi ya mafuta ni imara kiasi, ila hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Akriliki ya mkebe wa kupuliza haigeuki manjano na ndiyo wengi huichukua kwa kuwa ni rahisi, lakini haistahimili viyeyushi, na ina adui ambaye mwindaji humpaka mwenyewe mikononi: dawa ya kufukuza mbu iitwayo DEET, ambayo hulainisha plastiki na vanishi za aina nyingi. Epoksi hushika chuma kwa nguvu sana, lakini juani uso wake hugeuka unga kama chaki, hivyo inafaa iwe tabaka la chini tu.

Iliyo bora kwa kitako na mtutu ni poliyurithani isiyong'aa ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kigumushi wakati wa kupaka. Molekuli zake hufungamana zikawa wavu mmoja ambao viyeyushi haviwezi kuufungua. Anayenunua na ahakikishe kwamba ni ya aina ya alifatiki, kwa sababu aina ya aromatiki hugeuka manjano juani. Ugumu wake ndio unaovilinda vile vilima visilike mapema.

Lakini hapa ni lazima nitoe onyo, na onyo hili lawahusu mafundi wetu wa gereji za magari kuliko wawindaji wa Marekani, maana vanishi hiyo hiyo ndiyo inayopulizwa juu ya magari kila siku. Kigumushi chake kina isosayaneti. Kemikali hizo ni za ukoo mmoja na gesi iliyoua maelfu ya watu mjini Bhopal, India, mwaka 1984. Zile za rangi hazivukizi upesi kama gesi hiyo, lakini bomba la kupulizia huzigeuza kuwa ukungu mwepesi unaofika mapafuni. Ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu itokanayo na kazi. Mwili ukishazikataa mara moja, kiasi kidogo kabisa kinatosha kumletea mtu shida ya kupumua, hata baada ya miaka. Kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii kitu; kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Asiye na kinyago cha namna hiyo asipulize. Vanishi ikishakauka na kukomaa, hatari hiyo huwa imekwisha. Vilevile zipo poliyurithani za maji zisizochanganywa na kigumushi. Ugumu wake ni pungufu, lakini kwa mtu anayepaka bunduki moja uani kwake, mimi ningechagua hizo.

Kupaka na kutunza

Kazi yenyewe ina makosa matatu ya kawaida. Silika hutuama chini ya bati, kwa hiyo asiyekoroga kwa muda wa kutosha hupata mng'ao mwanzoni na ukungu mweupe mwishoni. La pili ni kupaka mkono mnene: chembe huzama katika unene huo, vilima havitokezi, na vanishi iliyonunuliwa kwa kuwa haing'ai inang'aa. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. La tatu ni haraka. Kiyeyushi cha vanishi chaweza kuikunja rangi ya chini ambayo haijakomaa, hata kama kidole kinaikuta kavu. Basi na ijaribiwe kwanza kwenye kipande kisicho na thamani. Sehemu zinazosogea ndani ya bunduki zisipakwe kabisa, kwani unene wa tabaka watosha kuzikwamisha.

Baada ya msimu mmoja au miwili, madoa yanayong'aa yatatokea pale mkono unaposhika, vilele vikiwa vimesuguliwa vikalingana na mabonde. Hakuna haja ya kubandua tabaka zima. Doa hilo husafishwa kwa maji ya sabuni, hukwaruzwa taratibu kwa msasa laini sana hadi mng'ao ukatike, kisha hupakwa mkono mmoja mwembamba wa vanishi ile ile.

Mafuta ya bunduki yasipakwe juu ya tabaka hili kwa desturi ile ya kupangusa chuma kitupu. Hujaza mabonde yote na kuurudisha uso katika ulaini wake, na mwindaji hubaki akiilaumu vanishi. Maji nayo hufanya vivyo hivyo, ingawa yenyewe hurudisha asilimia 2 tu ya nuru ipigayo wima. Umande wa alfajiri ukishatanda juu ya mtutu, hakuna aina ya vanishi itakayousaidia. Mwindaji huupangusa kwa kitambaa kikavu, na baada ya robo saa huupangusa tena.